Barua ya Ukurasa Mmoja: Nilivyojifunza Kumlalamikia Mwalimu wa Mwanangu

Wiki iliyopita mama mmoja ambaye husoma maandishi yangu alinitumia ujumbe mrefu usiku wa manane. Mwanawe yuko darasa la nne katika shule binafsi, kwa majuma kadhaa amekuwa akirudi nyumbani akiwa kimya, na hatimaye amemweleza kwamba mwalimu mmoja humwita majina mbele ya wenzake. Mama huyo ana maswali mawili. Akienda kulalamika, je, mtoto hatalipiziwa kisasi? Na je, si heri amhamishe tu, yaishe? Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, kisha nikaifuta, kwa sababu jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikaliharibu mara ya kwanza na kulinyoosha mara ya pili, na uchungu wake bado haujanitoka. Namjibu hapa kwa kirefu, nikijua kwamba wengi wetu tunaojinyima ili watoto wasome vizuri tumewahi kulala na swali hilohilo.

Kijana wangu alikuwa darasa la tano. Alikuwa mtoto wa kudadisi, wa kunyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Katikati ya muhula wa kwanza alianza kuumwa tumbo, na ilituchukua muda kugundua kwamba tumbo hilo lilimuuma siku zenye vipindi viwili vya Hisabati. Jioni moja nilifungua daftari lake la somo hilo nikakuta karatasi moja imechanwa. Karatasi iliyofuata ilikuwa tupu, lakini nilipoiinamisha kwenye mwanga wa taa niliona michirizi, kwa kuwa aliyeandika juu yake alikuwa ameikandamiza kalamu kwa nguvu hata maneno yakaacha alama upande wa pili. Nikapitisha kidole polepole, herufi kwa herufi. Yalisomeka: «Mzigo wa darasa.» Chini yake palikuwa na mistari miwili. Karatasi yenyewe mtoto alikuwa ameikunja mara nne na kuificha ndani ya jalada la daftari, nasi tuliipata baadaye, ikiwa na maneno yaleyale kwa wino mwekundu wa mwalimu.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Mtoto alikuwa amelala; nilimwamsha, nikamkalisha kitandani na kumuuliza nikiwa nimesimama. «Anakuita hivyo kila siku, siyo?» Akaitikia. «Na anakupiga?» Akanyamaza. «Niambie ukweli, anakupiga, siyo?» Akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kusikia hivyo, naye aliona usoni mwangu kwamba nilitaka kusikia hivyo.

Asubuhi nilifika shuleni bila miadi, wanafunzi wakiwa bado mstarini. Nilimpita mwalimu wa zamu bila kumsalimu, nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu na kusema kwa sauti kubwa kwamba mwalimu wa Hisabati anampiga mwanangu na kumtukana, kwamba ninataka aondoke siku hiyohiyo, na kwamba mshahara wake unatoka kwenye ada yangu. Mwalimu mkuu aliniambia, «Mzazi, karibu uketi.» Nilikataa kuketi. Akaniuliza kama nina kitu chochote cha kumwonyesha, nikakumbuka kwamba daftari nimeliacha mezani nyumbani. Akamwita mwalimu, kisha akamwita mtoto, akamuuliza kwa upole kabisa kama mwalimu amewahi kumpiga. Mwanangu alinitazama, akatazama viatu vyake, akasema, «Hapana.»

Yaliishia hapo. Hakuna aliyeuliza tena habari ya matusi, ingawa matusi yalikuwa ya kweli. Mwalimu alifungua kumbukumbu zake akaonyesha kazi za nyumbani ambazo mtoto hakuzifanya, nami niliondoka pale nikiwa mimi ndiye niliyeonywa kuhusu mwenendo wangu katika eneo la shule. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: «Hukwenda kulalamika, ulikwenda kugombana.»

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti ambao ningetamani kila mzazi aujue. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu ya magari yaliyogongana, kisha wakabadilisha neno moja tu katika swali. Walioulizwa kwa neno zito, kana kwamba magari yalibamizana na kupondeka, walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno la kawaida. Walipoulizwa tena baada ya wiki moja, watu 16 kati ya 50 wa kundi la neno zito walisema kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno la kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Ikiwa swali linaweza kumfanyia hivyo mtu mzima asiyekuwa na hofu yoyote, mtoto aliyeamshwa usingizini na baba mwenye hasira atafanyaje? Mimi ndiye niliyeuweka uongo kinywani mwa mwanangu, na uongo huo mmoja ukaifukia kweli yake yote.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, muulize mtoto swali lisilo na jibu ndani yake. «Ilikuwaje?» «Kisha ikawaje?» Halafu nyamaza, hata akinyamaza yeye. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe, na usiyanyooshe wala kuyakuza.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yale ya kwanza. Mwalimu hakumtukana tena, aliacha kumtazama. Mtoto alinyoosha mkono, hakuitwa. Daftari lilirudi na alama ya vema juu ya majibu ambayo hata mimi niliona kwamba yamekosewa. Hiki ndicho kisasi ambacho yule mama anapaswa kukiogopa, kwa sababu hakiachi alama mwilini, na mzazi asiyefungua daftari hawezi kukiona.

Ndipo mke wangu alipotoa fomu ya kujiunga na kitabu cha kanuni za shule, makaratasi ambayo nilikuwa nimeyatia sahihi bila kuyasoma. Ndani yake mlikuwa na sehemu nzima kuhusu malalamiko: kwanza mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, tena kwa maandishi. Nilikuwa nimeruka ngazi ya kwanza, na ya pili nikaipanda kwa vurugu. Lazima mzazi wa shule binafsi alielewe jambo hili, kwa sababu uhusiano wake na shule ni wa mkataba, na alichokitia sahihi ndicho kitakachowekwa mezani siku ya ubishi. Mkataba huo hauifungi familia peke yake. Shule ikiandika kwamba itamtunza mtoto na kwamba itayajibu malalamiko ya wazazi, unayo haki ya kuirudisha kwenye maneno yake yenyewe. Tena shule binafsi haielei angani: inasajiliwa na kukaguliwa na mamlaka ya elimu, na ngazi za ndani zikishindwa, mamlaka hiyo ndiyo ngazi inayofuata.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, na karibu zote zilinihusu mimi, jinsi nilivyodhalilishwa ofisini na jinsi ninavyojinyima kulipa ada. Mke wangu alikata yote hayo. Kilichobaki kilikuwa tarehe tatu na yaliyotokea katika kila tarehe. Tuliandika kwamba siku fulani, katika daftari la Hisabati, yaliandikwa maneno fulani, na nakala yake imeambatishwa. Tuliandika kwamba tangu siku fulani mtoto anaeleza kuwa haitwi anaponyoosha mkono, na kwamba katika kurasa zilizotajwa majibu yasiyo sahihi yamewekewa alama ya vema. Hatukuandika kwamba mwalimu ana roho mbaya, kwa kuwa roho ya mtu huwezi kuiambatisha. Katika aya moja nilikiri kwamba madai ya kupigwa niliyoyatoa awali hayakuwa sahihi, na nikaomba radhi. Aya hiyo niliiandika mikono ikitetemeka, na mwalimu mkuu aliniambia baadaye kwamba ndiyo iliyomfanya aisome barua hadi mwisho.

Tuliongeza pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao umeridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja huo isipokuwa Marekani. Ibara ya 28 inataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolingana na utu wa mtoto, na haiweki tofauti kati ya shule ya umma na shule binafsi. Ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Hatukuitaja ili kutisha. Tuliitaja ili mazungumzo yatoke kwenye hasira za baba na kurudi kwenye haki za mwanafunzi.

Mwisho wa barua tuliomba mambo mawili tu: kikao ndani ya siku kumi, na maelezo ya maandishi ya namna mtoto atakavyolindwa wakati suala linashughulikiwa. Ombi hilo la pili ndilo jibu langu kwa swali la kisasi. Hofu yako usibaki nayo moyoni, iandike ndani ya barua. Shule iliyokwisha kuahidi kwa maandishi kwamba mtoto hatasumbuliwa italazimika kumwangalia mwalimu kwa jicho jingine. Tulipeleka barua ofisini, tukaacha nakala halisi, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Usiondoke bila muhuri huo, kwa sababu barua isiyo na ushahidi wa kupokelewa inaweza kupotea, na ikipotea ni wewe utakayeanza upya.

Kumbuka pia kwamba unayemlalamikia ni mtu. Mwalimu wa shule binafsi mara nyingi ana mkataba mfupi, na mwenye shule anayeogopa kupoteza wanafunzi anaweza kumfukuza kesho ili wewe unyamaze. Siku ile nilipotaka aondoke palepale, nilikuwa karibu kumnyang'anya mtu riziki yake kwa kosa ambalo hakulitenda. Na hata angelitenda, kumfukuza kimyakimya kungempeleka tu mbele ya watoto wa wenzetu katika shule nyingine. Omba kosa lirekebishwe na liandikwe. Usilipeleke kwenye kundi la simu la wazazi, ambako kila mmoja ataongeza chumvi yake na jina la mwanao litazunguka pamoja na la mwalimu.

Yote haya hayahusu jeraha, wala mguso wowote wa aibu kwenye mwili wa mtoto. Hapo usiandike barua ya ukurasa mmoja na usisubiri siku kumi. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo, usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla hajaonwa na daktari, na uende polisi au kwa maofisa wa ustawi wa jamii hata kama mwenye shule anakusihi mmalizane nyumbani. Uhalifu haumalizwi na bodi ya shule.

Kikao kilifanyika siku ya nane. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Alilitazama daftari kwa muda, akasema kwamba maneno ni yake, kwamba darasa lilikuwa na watoto wengi na alikuwa amechoka, na kwamba hata hivyo hakupaswa kuyaandika. Aliniomba radhi. Nilimwambia kwamba aliyeandikiwa si mimi. Mtoto akaitwa, na mwalimu akasema mbele yake, kwa sauti ndogo, «Nilikosea kukuandikia vile.» Mwanangu akajibu, «Sawa, mwalimu,» akauliza kama anaweza kurudi darasani. Shule ilitupa maelezo ya maandishi, ikamhamishia mkondo mwingine wenye mwalimu mwingine wa Hisabati, na mwalimu wa taaluma akapewa kazi ya kupitia madaftari ya darasa lile kila juma. Nilifurahi, na ninajivunia barua ile hadi leo. Lakini ninaumia kwamba mtoto alisubiri muhula mzima kusikia maneno yale kwa sababu baba yake alitaka kwanza kusikika yeye.

Sasa swali la pili la mama yetu: amhamishe? Asianze na hilo. Mtoto anayehamishwa katikati ya jambo ambalo halijasemwa hulibeba hadi shule mpya, na anaweza kuamini kwamba yeye ndiye aliyekosa. Sisi tulikaa hadi mwaka ukaisha. Ndipo tulipomuuliza mwenyewe, bila kumwekea jibu kinywani, angependa mwaka unaofuata uwe vipi, tukanyamaza tukimsubiri. Alifikiri siku mbili. Alisema anataka kubaki, kwa sababu ya rafiki zake, ila angependa akae dawati la mbele. Tukaandika barua nyingine, ya mistari minne, kuomba dawati hilo, akalipata.