Safu za nyaya nano za sumaku: panga nafasi kabla ya kuchagua metali

Wengi wanaoingia katika kazi hii ya nyaya nano, yaani nyaya zenye kipenyo cha makumi ya nanomita, huwa wameshachagua metali, nikeli au kobalti, kabla hawajaamua nyaya zao zitakaa mbali kiasi gani. Ningewashauri waanze na nafasi. Waya mmoja mrefu wa nikeli, ukiwa peke yake, huelekeza usumaku wake kwenye urefu kwa sababu ya umbo tu. Lakini ukizungukwa na nyingine zilizosimama sambamba nao, kila jirani huuletea uga wa sumaku unaousukuma usumaku wake ugeuke upande wa pili. Ndiyo maana mchoro wa histeresisi (unaoonyesha jinsi usumaku unavyofuata uga wa nje unapoongezwa na kupunguzwa) wa safu iliyobanana huinama, na usumaku unaobaki uga wa nje ukizimwa huwa mdogo.

Kabla ya kugusa kemikali, kokotoa sehemu ya eneo inayojazwa na metali. Kwa mpangilio wa pembesita, sehemu hiyo ni 0.907 mara mraba wa uwiano wa kipenyo kwa umbali kati ya vitovu. Umbali ukiwa nanomita 100, kipenyo cha nanomita 35 hutoa takriban 0.11, na cha 60 takriban 0.33. Hapa pana jambo kubwa, kwani kwa nyaya ndefu ambazo mchango wa fuwele (yaani mwelekeo ambao mpangilio wa atomi huupa usumaku) ni mdogo, theluthi moja ndiyo mpaka ambapo majirani hufuta faida yote ya umbo. Ukiuvuka, usumaku huanza kupendelea kulala kukingama nyaya.

Kiolezo cha oksidi ya alumini, yaani bamba lenye vitundu ambamo nyaya hukuzwa, hukuwezesha kudhibiti vipimo hivyo viwili kimoja kimoja. Volti 40 katika asidi ya oksaliki hupanga vitundu kwa umbali wa karibu nanomita 100, nayo asidi ya fosforiki hupanua vitundu baadaye bila kubadili umbali huo, hivyo unaweza kupata sampuli zinazotofautiana kipenyo pekee.

Wakati wa kujaza nikeli kwa umeme, usibanduke kwenye kipima mkondo. Mkondo hutulia kwa muda, kisha hupanda ghafla nyaya zinapofika juu na kuota vichwa kama uyoga. Zima hapo hapo, kwa sababu vichwa vikiungana hufanya utando ambao usumaku wake hulala kwenye ubapa, na takwimu utakazopata zitaeleza utando badala ya nyaya.

Sampuli ipimwe uga ukiwa sambamba na nyaya, kisha ukiwa umekingama, na mchango wa kishikio cha sampuli uondolewe kwenye matokeo. Ishike kwa kibano cha plastiki au titani, maana cha chuma huacha chembe zenye usumaku wake. Kobalti, kwa maoni yangu, isubiri: fuwele zake zina mhimili wake wenyewe, ambao hubadilika kufuatana na pH ya myeyusho, na asiyeielewa vyema safu ya nikeli hatajua kama anachokiona kinatokana na fuwele au na majirani.