Maswali Yenu Kuhusu Tikal, Mji wa Kale wa Wamaya

Nina nafasi ya kuona mji mmoja tu wa Wamaya, wale wenyeji wa asili wa Mexico na Amerika ya Kati. Niende upi?

Nenda Tikal, kaskazini mwa Guatemala. Chichén Itzá ya Mexico inajulikana zaidi, lakini Tikal imo msituni, hifadhi ya taifa tangu 1955 na Urithi wa Dunia tangu 1979. Watu wengi hulala Flores, mji ulio kisiwani katika ziwa Petén Itzá. Ingia asubuhi na mapema.

Msimu gani ni mzuri? Na chanjo je?

Februari hadi Aprili njia huwa kavu. Beba cheti cha homa ya manjano. Guatemala hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Inaruhusiwa kupanda mahekalu?

Hekalu la Kwanza, alikozikwa mfalme Jasaw Chan K'awiil, hairuhusiwi. Hekalu la Nne, refu kuliko yote, mita 65 hivi, lina ngazi za mbao ubavuni. Ukiwa juu unaona vilele vya mahekalu mengine vikichomoza juu ya miti. Ukisikia mngurumo kama wa simba, usitishike: ni kima wa huko, na wala si wakubwa.

Nimesoma kuwa Tikal haina mto. Watu wote wale walikunywa nini?

Mvua. Mimi hili hunistaajabisha kuliko mahekalu yenyewe. Viwanja vyao vilisakafiwa kwa chokaa na kupewa mwinamo, maji yateremke hadi kwenye mabwawa waliyoyajenga. Nyasi unazozikanyaga leo zimefunika sakafu hiyo. Mwaka 2020 watafiti walieleza kuwa katika bwawa moja, Corriental, walikuta zeolaiti, aina ya madini, na mchanga wa kwatzi, vitu vinavyochuja maji, na zeolaiti hiyo ilitolewa nje ya mji.

Wamaya walitoweka wapi?

Hawakutoweka, na naomba tuache kusema hivyo. Kilichohamwa ni mji. Nguzo ya mawe ya mwisho yenye tarehe hapo Tikal ni ya mwaka 869. Vita na ukame vinatajwa miongoni mwa sababu. Watu wenyewe wapo, mamilioni, na Guatemala peke yake ina lugha za Kimaya zaidi ya 20, kama K'iche', Mam na Q'eqchi'. Katika uwanja mkuu kuna mahali wanapowasha moto wa ibada. Ukiwakuta wanaomba, simama mbali, usipige picha bila idhini, wala usimwulize mtu kama yeye ni "Mmaya halisi".

Naweza kuokota kigae kidogo cha chungu kiwe ukumbusho?

Hapana. Ni kosa kisheria, na Tikal imeshachukuliwa vya kutosha: vizingiti vya mbao vya juu ya milango, vilivyochongwa kwa ajili ya mahekalu yake viko Basel, Uswisi, tangu karne ya 19. Ukiona kigae, kiache palepale, umwonyeshe mlinzi.