Kutafuta hataza bila gharama: ushauri kwa wabunifu wanaoanza Arusha

Wabunifu wapya hapa Arusha, ambao wengi wao hushughulikia vichujio vya maji kwa sababu ya floraidi inayotia meno ya watu rangi ya kahawia, huuliza kwa pamoja maswali mawili yaliyo tofauti: je, kifaa changu ni kipya, na je, ninaruhusiwa kukitengeneza? Yatenganishe tangu mwanzo. Upya hupimwa kwa dunia nzima, hivyo maelezo yaliyochapishwa China yanatosha kuliangusha ombi lako la hataza (patent), yaani haki ya kuwazuia wengine kutengeneza na kuuza kifaa chako. Zuio la kutengeneza na kuuza, kwa upande wake, hufuata mipaka ya nchi, na hataza iliyosajiliwa Marekani peke yake haimzuii fundi wa Moshi kuunda kifaa hicho na kukiuza hapa nyumbani.

Kwa kazi ya awali kanzidata za bure zinatosha. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ina nyaraka zaidi ya milioni 150, na Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani hukupa maombi ya kimataifa pamoja na nyaraka za ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu barani Afrika lenye makao Harare. The Lens hufaa unapotaka chati za waombaji na miaka. Google Patents ni nyepesi, nami huitumia kuonja tu.

Wanaoanza hukwama kwenye maneno. Anayeandika ombi la hataza hupenda maneno mapana, na kichujio chako huenda kimeitwa kifaa cha kutenganisha vimiminika, tena kwa Kichina au Kijapani. Tafuta basi kwa alama za uainishaji, yaani herufi na namba ambazo ofisi za hataza huzipa kila aina ya teknolojia, na ambazo hazibadiliki kwa lugha. Usafishaji wa maji uko C02F. Kunasa uchafu kwa ufyonzaji ni C02F 1/28, na chini yake C02F 1/283 inahusu mkaa na vitu vilivyochomwa, ukiwemo mkaa wa mifupa ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi. Floraidi ina alama yake, C02F 2101/14. Ukiziunganisha alama mbili, orodha hupungua hadi kiasi ambacho mtu anaweza kukisoma. Usipojua alama, tafuta waraka mmoja unaofanana na wazo lako, nakili alama zake, kisha fuata nyaraka ambazo waraka huo umezitaja na zile zilizoutaja baadaye; kwangu njia hii imezaa matunda kuliko nyingine yoyote.

Ukishaupata waraka, usiridhike na muhtasari. Haki imo katika madai, yaani sehemu inayotaja kile hasa ambacho mwenye hataza anadai ni chake, hasa dai la kwanza, ambalo husomwa neno kwa neno, kwani kifaa kinachokosa hata sehemu moja iliyotajwa humo kwa kawaida kiko nje ya dai hilo. Angalia pia hali ya kisheria: namba inayoishia A kwa kawaida ni ombi lililochapishwa tu, B huashiria hataza iliyotolewa, na nyingi hufa mapema kwa kutolipiwa ada ya mwaka.

Maombi huchapishwa baada ya takriban miezi 18, kwa hiyo ya karibuni hutayaona popote. Tafuta pia katika makala za kitaaluma, maana nazo huondoa upya, na kwa haki zilizosajiliwa Tanzania waulize BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) moja kwa moja, ukiwa na karatasi inayoonyesha alama ulizotumia, kanzidata uliyotafuta na tarehe.