Usianze na Konstantino

Wiki hii msomaji mmoja ambaye ni katekista ameniandikia. Alikuwa akiwafundisha vijana wa kipaimara jinsi Ukristo ulivyoenea katika Dola la Roma, kwa mpangilio ule ule tuliouzoea: mitume wakahubiri, waamini wakateswa, Kaisari Konstantino akaongoka, Warumi wakabatizwa. Kijana mmoja akanyosha mkono: "Kabla ya huyo Kaisari, nani alikuwa anawaleta watu?" Katekista anaomba msaada kabla ya Jumapili.

Kijana amegusa penyewe. Konstantino alishinda vita vya Daraja la Milvio mwaka 312, na mwaka 313 yeye na mwenzake Licinius wakakubaliana huko Milano kuwaacha Wakristo waabudu kwa uhuru. Imani ilikuwa imeshatembea karibu miaka 280 bila serikali kuisukuma. Hata amri ya kuifanya dini rasmi si yake. Ni ya Theodosius, mwaka 380. Ukianza na Kaisari umeanzia mwisho wa hadithi, na kila swali la vijana utalijibu kwa neno "aliamuru".

Anza na Warumi 16, sura ambayo wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Paulo aliandika barua hii karibu mwaka 57 akiwa Korintho, kabla hajakanyaga Roma. Wape vijana penseli wahesabu watu anaowasalimu kwa majina. Watapata 24. Aristobulo na Narkiso wasihesabiwe, maana wanaosalimiwa hapo ni watu wa nyumba zao, si wao wenyewe. Kisha watafute makundi: kanisa la nyumbani mwa Priska na Akila (aya ya 5), watu wa Aristobulo (10), wa Narkiso (11), na makundi mengine mawili katika aya ya 14 na ya 15. Matano. Hakuna jengo linalotajwa, wala askofu.

Sasa waulize: kama Paulo hajafika Roma, hawa amewajuaje? Usiwape jibu, wafungue Matendo 18. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi mjini Roma, tukio ambalo kwa kawaida huwekwa mwaka 49. Priska na Akila wakahamia Korintho, na Paulo akakaa kwao kwa sababu wote watatu walikuwa mafundi wa mahema. Klaudio akafa mwaka 54, na Paulo anapoandika, wawili hao wamesharudi Roma na nyumba yao ni kanisa. Serikali ilitaka kuondoa fujo, kumbe inasambaza watu wanaojuana kutoka bandari hadi bandari.

Kosa kubwa hapa ni kusema Paulo ndiye aliyeanzisha kanisa la Roma. Matendo 28 inakataa. Anashuka Puteoli, bandari ambako meli za nafaka kutoka Aleksandria zilikuwa zikitia nanga, na anawakuta ndugu wameshakuwapo. Wengine wanatoka Roma kumpokea kwenye Soko la Apio, kilomita 65 hivi kutoka mjini, na kwenye Mikahawa Mitatu, kilomita 50 hivi. Nani aliwaletea hao imani? Kitabu hakimtaji. Wafanyabiashara, watumwa, mabaharia na mafundi hawakuandikiwa vitabu.

Utavutiwa kusema makanisa hayo ya nyumbani yalikuwa kama jumuiya zetu ndogo ndogo. Sema, lakini ongeza tofauti mara moja: jumuiya ina parokia nyuma yake, padre wake na jengo lake. Kundi la nyumbani mwa Priska lilikuwa ndilo kanisa lenyewe. Mwenye nyumba akifukuzwa au akifa, mahali pa kukutania pamekwenda naye.

Baada ya hapo toka nje na kamba ya mita 29. Kila mita ni miaka 10, na ncha ya mwanzo ni mwaka 30. Funga vitambaa: mita 1.9 Klaudio, 3.4 moto wa Roma na Nero, mwaka 64; 8.2 Plinio, liwali ambaye barua yake tutaifikia; 15 mashahidi wa Scilli waliohukumiwa Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 180; 22 Kaisari Decius; 27.3 mateso ya Kaisari Diokletiano; 28.3 mapatano ya Milano. Mweke kijana mmoja kwenye kila kitambaa, halafu uliza ni wapi amri ya kuwabana watu ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa dola zima. Wataelekeza kwa Nero, na watakosea. Nero aliua Wakristo wa mji wa Roma. Amri ya kwanza iliyowagusa wakazi wa dola zima ni ya Decius, mita ya 22: kila mtu atoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa, apewe cheti. Vyeti zaidi ya 40 vya mwaka 250 vimepatikana Misri, vya mafunjo, na mwombaji anaeleza kwamba amemimina kinywaji, ametoa sadaka na ameonja nyama yake.

Kabla ya hapo mateso yalitegemea mahali, liwali na jirani mwenye chuki. Na kati ya mwaka 260 na 303 palikuwa na miaka 40 na kitu ya utulivu, ambamo makanisa yalijaa. Kwa hiyo, walimu wenzangu, ule msemo wa Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, kwamba damu ya Wakristo ni mbegu tuupunguzie mzigo. Mwaka 250 Wakristo wengi sana walikwenda kutoa sadaka, na Askofu Sipriani wa Karthago akabaki na ugomvi wa namna ya kuwapokea tena. Tukificha hilo tunawadanganya watoto, halafu tunashangaa wanapolikuta wenyewe wakiwa wakubwa.

Ushahidi bora kuliko wote ni wa mtu asiyewapenda. Plinio, liwali wa Bithinia na Ponto (kaskazini mwa Uturuki ya leo), alimwandikia Kaisari Trajano karibu mwaka 112. Soma barua yake darasani polepole. Anasema wamo watu wa kila umri, kila cheo, wanaume kwa wanawake, na jambo limeshafika vijijini. Wanakutana siku maalumu kabla ya alfajiri, wanamwimbia Kristo kama mungu, wanaapa kutoiba, kutozini na kutoikana amana waliyowekewa. Aliwatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa wahudumu ili apate siri, hakupata. Nyama ya sadaka ilikuwa imekosa wanunuzi. Vijana huielewa haraka hiyo ya nyama: dini mpya imegusa biashara. Usiwafiche pia kwamba baadhi ya walioletwa mbele yake walisema wameacha Ukristo, mmoja mmoja hata miaka 20 nyuma. Trajano akajibu: wasisakwe, barua zisizo na jina la mshtaki zisipokelewe, anayekana na kuabudu miungu asamehewe.

Watakuuliza idadi. Hakuna aliyehesabu, lakini wafanye hesabu ubaoni: chukua watu 1,000 mwaka 40, ongeza asilimia 40 kila miaka 10. Mwaka 100 ni kama 7,500. Mwaka 200, kama 218,000. Mwaka 300, milioni 6 na ushee. Sema wazi kwamba huu ni mfano, si sensa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba haikuhitajika miujiza ya umati kila wiki. Wachache kuvuta ndugu na jirani kunatosha, mradi wasichoke. Nambari iliyo imara ni ya Askofu Kornelio wa Roma, mwaka 251: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaolishwa na kanisa.

Katakombe, yale mahandaki ya chini ya ardhi huko Roma, ziache mwisho. Zilikuwa makaburi, na serikali ilijua zilipo. Hakuna aliyehamia humo na familia yake. Kama una dakika 40 tu, acha kamba na hesabu, bakiza Warumi 16 na barua ya Plinio.