Kabla ya Kuandika "Ongeza Bidii" Kwenye Ripoti ya Juni

Katika miaka ya mwanzo ya ualimu wangu, wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza ilikuwa na maana moja tu: kumaliza kusahihisha, kujumlisha alama, kupanga nafasi, kujaza ripoti na kuwahi basi la kwenda nyumbani. Ripoti 61 za darasa langu la Kidato cha Pili nilikuwa nikiziandika zote kwa jioni moja, na sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa ilipokea maneno yale yale, "Ongeza bidii" kwa walio wengi na "Hongera, usibweteke" kwa wale watatu wa juu. Mwaka mmoja, katika kikao cha wazazi, mama mmoja aliitoa ripoti ya mwanawe kwenye pindo la kitenge, akaikunjua mbele yangu na kuniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, humu umeandika aongeze bidii. Nyumbani anasoma kwa taa ya sola mpaka saa nne usiku. Sasa hiyo bidii aiongeze kwenye nini?" Nilikuwa na wastani wa mtoto yule, 38, na nafasi yake, ya 44 kati ya 61. Swali hata moja alilolikosa sikulijua.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyoupokea mtihani wa Juni, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza walimu wenzangu, hasa wa madarasa yenye upimaji wa kitaifa. Upimaji wa Kidato cha Pili huja karibu na mwisho wa mwaka, mara nyingi mwezi wa Novemba, na ukihesabu majuma kuanzia shule inapofunguliwa Julai, ukatoa likizo fupi na mitihani ya majaribio, utaona kwamba muda wa kufundisha uliobaki ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye azimio la kazi. Mwalimu anayesubiri kufungua shule ndipo aanze kujiuliza wanafunzi wake wamekwama wapi, ameshapoteza wiki mbili ambazo hana.

Jambo la kwanza ni kutoiamini sana herufi wala nafasi. Katika viwango vinavyotumiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, C huanzia alama 45 na kuishia 64. Mwanafunzi aliyepanda kutoka 46 mwezi Machi hadi 63 mwezi Juni na mwenzake aliyeporomoka kutoka 63 hadi 46 wote wawili wataonekana kwenye ripoti kuwa walikuwa na C na bado wana C, ingawa mmoja anahitaji pongezi na mwingine anahitaji kuitwa ofisini kwa upole leo hii. Nafasi nayo hupotosha kwa namna yake, kwa kuwa mtoto anaweza kuongeza alama tano na bado akashuka nafasi nane kwa sababu tu wenzake wamechangamka. Mzazi akiona nafasi imeshuka, viboko vinaweza kutembea nyumbani kwa mtoto aliyefanya vizuri.

Kwa hiyo, kabla sijarudisha karatasi za majibu, ninachukua karatasi ya manila na kuchora jedwali: majina yanashuka upande wa kushoto, namba za maswali zinakwenda kwa mlalo juu. Kwenye kila chumba ninaweka alama moja kati ya nne. Alama ya vema ni ya aliyepata. Herufi H ni ya aliyejua njia akateleza kwenye hesabu ndogo, kama kusahau alama ya kutoa. Herufi N ni ya aliyeanza akapotea njia, na chumba kikiachwa kitupu maana yake hakugusa swali kabisa. Kwa somo moja na wanafunzi 61, kazi hii inanichukua jioni mbili. Ni kazi ya kuchosha, sikatai, lakini manila ikishatundikwa ukutani huhitaji kuambiwa pa kuanzia Julai, kwa sababu vyumba vitupu vinajionesha vyenyewe.

Mwaka wa kwanza nilipofanya hivyo, safu ya swali la nne, la logarithimu, ilikuwa na vyumba vitupu 39. Mwenye kosa hapo nilikuwa mimi. Mada ile niliifundisha wiki ambazo wachezaji walikuwa kwenye mazoezi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kisha nikaikimbiza kwa vipindi viwili ili shajara langu lisomeke kwamba imekamilika. Mwalimu akikuta nusu ya darasa imeacha swali lilelile, aandike jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wanaohitaji kuongeza bidii.

Kinachonivutia zaidi kwenye jedwali, hata hivyo, ni mistari ya mwanafunzi mmoja mmoja. Kijana mmoja alikuwa na chumba kitupu kwenye swali la sita na vema kwenye la saba, na maswali yote mawili yalikuwa ya milinganyo miwili ya pamoja. La saba lilimpa milinganyo ikiwa tayari, naye akaikokotoa kwa usafi ambao ningeweza kuuonesha kwa wenzake. La sita lilisema kwa Kiingereza kwamba jumla ya namba mbili ni 40 na tofauti yake ni 12. Nilipomwita na kumwomba anieleze alichosoma, alisema neno "difference" lilimaanisha kwamba namba hizo hazifanani, na kwa kuwa x na y hazifanani tayari, hakuona cha kuandika. Huyu alijua hesabu. Alikuwa amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, akaingia sekondari, na hakuna mtu aliyekaa naye kumwambia kwamba neno hilo kwenye hisabati ni amri ya kutoa. Tulitengeneza orodha ya maneno ishirini ya namna hiyo, tukaibandika nyuma ya mlango wa darasa.

Pamoja na manila, fungua daftari la mahudhurio. Walimu wengi tunalitazama kwa jumla ya siku alizokosa mtoto, na ni nadra kulisoma kwa kushuka, siku kwa siku. Mwanafunzi mmoja wa mkondo wangu alikuwa amekosa Jumanne 14 tangu Januari, na siku nyingine karibu hakukosa kabisa. Jumanne ni siku ya gulio la kijiji chetu; bibi yake, aliyemlea, huuza dagaa, na mjukuu huyu ndiye mwenye nguvu za kupakia magunia kwenye baiskeli. Jumanne pia ndiyo iliyokuwa na vipindi viwili mfululizo vya hisabati. Alikuwa ameandikwa mtoro na kuadhibiwa zaidi ya mara moja. Najua atakayesema dawa ni kumkataza, nasi tulijaribu; bibi alikuja shuleni, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi, na alipoingia alituuliza ni nani kati yetu atakayempakilia mzigo. Baada ya mabishano marefu na mwalimu wa taaluma, vipindi vya hisabati vilihamishiwa Jumatano na Ijumaa.

Huwezi kuzungumza na wote 61 kabla ya likizo. Usianze na wa mwisho darasani, kwa kuwa wao wamezoea kuitwa na wanajua utakachosema. Anza na walioshuka zaidi tangu Machi, hata kama bado wako kumi bora, kisha wale wa katikati ambao tangu mwaka uanze hujawahi kutaja majina yao kwa sifa wala kwa lawama. Akishakuamkia na kukaa, mpe karatasi yake na kimya cha kutosha, halafu mwulize swali gani lingemwendea vizuri kama angepewa nusu saa zaidi. Atakuonesha kwa kidole. Dakika tano zinatosha.

Ripoti yenyewe sasa ninaiandika kwa mistari miwili, wa kwanza ukitaja kitu anachokiweza, wa pili ukitaja mada moja ya kurudia likizoni na kurasa za daftari lake ilipo. Yule mama wa kitenge nilimwandikia muhula uliofuata: "Arudie vipeo, daftari la kijani, ukurasa wa 12 hadi 19." Alikuja na daftari mkononi, kurasa zimejaa.

Kijana wa gulio alipata 51 kwenye mtihani wa nusu muhula wa Septemba, kutoka 29. Bado anakosa Jumanne. Siku hiyo sasa ina vipindi viwili vya jiografia, na mwalimu wa somo hilo ameshaniuliza mara mbili lini tutakaa tena kupanga ratiba.