Natumaini, namtumaini, nina tumaini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepewa kuandika somo fupi la kanisani juu ya furaha ya Mkristo na tumaini la mbinguni. Nimeanza hivi: "Natumaini kwamba nitafika mbinguni, na mbinguni ni nzuri, kwa hiyo ninafurahi." Mwenzangu aliyesoma rasimu anasema "natumaini" linaonyesha mashaka, na "mbinguni ni nzuri" si Kiswahili. Tena nimenukuu Zaburi ya 16 kwamba mbele za Mungu "kuna furaha tele", akasema hata hapo nimekosea. Mimi naona ananionea. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwenzio ana haki, na usimkasirikie, kwa sababu makosa aliyoyaona yamekaa palepale furaha unayotaka kuiandikia inapoanzia.

Tuanze na "natumaini". Sikiliza tunavyolitumia kila siku: natumaini hujambo, natumaini mvua haitanyesha, natumaini watafika kabla ya jioni. Anayesema hivyo hana habari kamili. Anapenda jambo liwe, anaona huenda likawa, basi. Likifuatwa na "kwamba" au "kuwa", kitenzi hiki hubeba tukio, na tukio laweza kutokea au lisitokee. Kwa hiyo msomaji wako akikuta "natumaini kwamba nitafika mbinguni", anasikia mtu anayekisia. Kisha unamwambia unafurahi, naye anajiuliza furaha hiyo imesimama juu ya nini.

Sasa ondoa "kwamba" na utie mtu ndani ya kitenzi chenyewe: namtumaini. Kile kiambishi kidogo -m- kinageuza maana yote. Mithali 3:5, katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumeikariri, inasema: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Hapo hakuna kukisia. Kumtumaini mtu ni kumwegemea kwa uzito wako wote, kama mzee anavyouegemea mkongojo wake: hatumaini kwamba utamshika, ameshauegemea. Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho waliokuwa wakibishana juu ya ufufuo, alitumia umbo hilohilo: "Kama katika maisha haya tu tumemtumaini Kristo, sisi tu maskini kuliko watu wote." Tumemtumaini. Hoja yake yote imebebwa na huyo -m-: kama yule tunayemwegemea hakufufuka, tumeanguka naye.

Umbo la tatu ni nomino: nina tumaini. Hapa tumaini limekuwa kitu ulicho nacho, kama mtu anavyosema nina mtoto, nina shamba. Nao wafasiri walipenda kulitaja kwa umoja, "imani, tumaini, upendo, haya matatu". "Matumaini" si kosa, na usimsahihishe mtu anayelitumia. Ila katika mazungumzo ya kawaida wingi huo umezoea kukaa karibu na mambo yanayoyumba, kama vile mgonjwa kupewa matumaini au timu kupoteza matumaini. Kwa somo lako ningeshika umoja. (Utakutana pia na "taraja", kama katika Warumi 8:24, "tuliokolewa kwa taraja". Ni neno zuri, la jamii moja na kutarajia. Lieleze mara moja, kisha urudi kwenye tumaini.)

Warumi 5:5 kuna neno ambalo siku hizi wengi hulipita bila kusimama kulitazama: "tumaini halitahayarishi". Kutahayari ni kuona haya mbele za watu. Mfikirie mgeni aliyewaambia abiria wenzake njia nzima kuwa mwenyeji wake anakuja kumpokea. Wanashuka, kila mmoja anapokelewa, wanatawanyika, naye anabaki amesimama na mizigo yake hadi giza linaingia. Huyo ametahayarika. Paulo anasema tumaini hili halimfanyii mtu hivyo.

Bibi yangu aliijua tofauti hii bila kufundishwa sarufi na mtu yeyote. Siku zake za mwisho, waliokuja kumjulia hali walimwambia, "Bibi, tunatumaini utapona." Aliitikia kwa adabu. Mmoja akarudia mara ya tatu, naye akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, niendako nina mwenyeji." Sijapata tafsiri fupi kuliko hiyo ya nina tumaini. Hakuzieleza mbingu zilivyo, wala hakusema anajua siku wala njia. Alimjua mwenyeji, ikamtosha, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nyuso zetu sote tuliokaa pembeni ya kitanda.

Kuhusu "mbinguni ni nzuri". Nomino ikishavaa -ni imekuwa mahali, nayo hudai upatanisho wa mahali: mbinguni ni kuzuri, kama tusemavyo nyumbani ni kuzuri. Ukitaka "nzuri", taja mbingu zenyewe: mbingu ni nzuri. Na kumbuka mbingu ni wingi wa uwingu, neno ambalo limebaki katika kamusi zaidi kuliko midomoni. Ndiyo maana "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi", kwa -zi-, na "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu". Hata Kiebrania, lugha ya asili ya maandiko hayo, hulitaja neno hili kwa umbo la wingi.

Lakini usiishie kwenye kusahihisha kiambishi. Kiswahili kina mahali pa namna tatu, pa-, ku- na mu-, na zote tatu zimo katika maneno ya Yesu tunayoyasoma. Katika sala tunasema "hapa duniani kama huko mbinguni". Hapa ni pale miguu ya mwenye kusali iliposimama, anapajua. Huko ni mbali, hakuna mipaka machoni pake. Mtu angeweza kuishi maisha yake yote kati ya hapa na huko, akizitazama mbingu kama nchi ya watu wengine. Kisha, usiku ule wanafunzi walipokuwa wamefadhaika, katika Yohana 14:2, Yesu anasema: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi." Mwa, mna. Hiyo ni ndani. Wafasiri wangeweza kuandika "kuna makao mengi", na hakuna ambaye angelalamika, ila tungebaki tukiitazama nyumba kutoka nje ya ua. Kwa mna tumeshavuka kizingiti. Anayesema ni mtoto wa nyumba hiyo, anajua vyumba vyake, na maneno yanayofuata ni ya mtu anayemwandalia mgeni: "naenda kuwaandalia mahali."

Wengine huliogopa neno "peponi" katika Luka 23:43, alipoahidiwa yule aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kwa kuwa linawakumbusha pepo wachafu. Hofu hiyo haina msingi. Pepo mchafu huchukua upatanisho wa kiumbe, pepo ametoka. Pepo ya raha ni ya ngeli nyingine, Pepo imefunguliwa. Litumie bila wasiwasi.

"Ninafurahi" yako ni sawa kabisa, iache. Ningeongeza tu kwamba Warumi 12:12 inaiweka furaha jirani kabisa na shida: "kwa tumaini, mkifurahi, katika dhiki, mkisubiri". Hiyo -ki- ni ya kitendo kinachoendelea, dhiki ikiwa bado ipo. Basi usiibadilishe iwe "shangwe" ili kuipa nguvu. Shangwe husikika, ina vifijo na vigelegele. Furaha yaweza kukaa kimya pembeni ya kitanda.

Sasa nukuu yako ya Zaburi 16:11. Umeandika "kuna furaha tele", na maana haikupotea sana. Lakini Biblia yasema "Mbele za uso wako ziko furaha tele". Furaha haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Upatanisho ndio unaotuambia ni moja au ni nyingi. Mtu husema furaha yangu imekamilika, moja. Mtunga zaburi, katika Kiswahili hiki, amesema ziko, kama anayeonyesha kwa kidole vitu vilivyopangwa, hiki na kile na kile. Tena maneno yanayofuata katika mstari huohuo yanarudi ndani: "Na katika mkono wako wa kuume mna mema ya milele." Rudisha "ziko" kama ilivyo, na utakapolisoma somo mbele ya watu, litamke polepole.