Mwanga Unafika, Lakini Data Haisomeki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuunga faiba. Njia yetu moja ya kilomita 110, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwa gigabiti 1 kwa sekunde, imepandishwa hadi gigabiti 10, na kwa kuwa nguvu ya mwanga haikutosha, ikafungwa amplifaya, kifaa cha kukuza mwanga. Kipimo cha upande wa pili kinasoma −16 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga), ilhali moduli, yaani kifaa cha kutuma na kupokea mwanga, inaweza kupokea hata mwanga hafifu zaidi, hadi −24, lakini makosa ya data hayaishi. Maungio nimeyarudia mara mbili. Nakosea wapi, na nianzie wapi kujifunza usanifu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu msomaji, yaache maungio yako, kwani hayana kosa. Fundi huuliza kama mwanga umefika. Msanifu huuliza pia umefika katika umbo gani.

Hesabu ya nguvu unaifahamu. Katika urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 1550 faiba ya kawaida hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita, yaani 22 kwa njia yako. Ongeza maungio, konekta, na akiba ya desibeli 3 hivi, kwa sababu kila greda linapokata kebo, kipande kinachowekwa huja na maungio mawili mapya. Amplifaya ililitatua hilo.

Kilichosahauliwa ni mtawanyiko. Pigo la mwanga halina rangi moja kamili, na rangi zake husafiri kwa kasi zinazotofautiana kidogo, hivyo pigo hutanuka njiani hadi likaingiliana na jirani yake. Katika nanomita 1550 kiwango chake ni kama pikosekunde 17 kwa kila nanomita ya upana wa rangi kwa kilomita. Zidisha kwa 110 upate 1870, wakati moduli nyingi za gigabiti 10 zinazouzwa kwa kilomita 80 huvumilia 1600 hivi. Kasi ikipanda mara 10, uvumilivu hushuka takribani mara 100, maana biti imekuwa fupi na wakati huohuo upana wa rangi umeongezeka. Ndiyo sababu gigabiti 1 haikulalamika. Amplifaya hukuza pigo lililotanuka kama lilivyo, na huongeza kelele yake juu.

Kuhamia nanomita 1310, ambako mtawanyiko unakaribia sifuri, hakutakufaa: upotevu huko ni desibeli 0.35 hivi kwa kilomita, yaani zaidi ya 38.

Kwa kujifunza, ichukue njia hiihii na uchore safu tatu katika daftari, za nguvu, mtawanyiko na kelele, ukizijaza kwa takwimu za karatasi iliyokuja na moduli. Kisha jaribu kuweka faiba ya kufidia mtawanyiko, ya kutosha kilomita 60 tu. Safu ya pili itashuka kutoka 1870 hadi 850 (17 mara 60 ni 1020 zinazoondolewa), nawe itakubidi urudi kwenye safu ya kwanza, kwa kuwa faiba hiyo nayo hula desibeli kadhaa.